Mkono wa Mama Sahani

Profesa alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko mkewe, na mkewe alilijua hilo. "Seli hujipanga zenyewe." Aliisema mikutanoni, akaisema kwenye lifti, na siku moja aliisema msibani, waombolezaji wakaitikia kwa adabu wakidhani ni aya.

Mama Sahani alipoisikia alibetua mdomo tu. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeosha, kuchemsha na kukausha sahani za maabara ile, ambamo sasa seli hizo zilijipanga. Ndiye aliyechanganya chakula chao cha majimaji, chekundu kama sharubati, na ndiye aliyejua ni bomba lipi linatoa maji yenye kutu siku za Jumatatu. Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa "mhudumu wa maabara daraja la pili". La tatu hakuna aliyewahi kuliona, na la kwanza halikuwahi kujazwa, kwa hiyo yeye alikuwa wa pili peke yake.

Tuseme ukweli, kazi yenyewe ya seli ilikuwa ya ajabu, na hiyo hakuidharau. Unachukua kipande kidogo cha nyama hai, unazitenganisha seli zake kwa dawa mpaka kila moja inaelea peke yake, unazimimina kwenye sahani ya duara yenye chakula, unazitia ndani ya inkubeta, lile kabati linalotunza joto la mwili. Siku ya sita unakuta vitufe, vidogo kuliko punje ya mtama, vyenye uwazi katikati. Seli za nje zimesimama nje, za ndani zimekaa ndani, na hakuna aliyezielekeza. Wenye maabara walipokwenda kunywa chai, Mama Sahani aliinamia hadubini akatazama, na kila mara mwili ulimsisimka. Akina bwana wakirudi wanamkuta anafuta meza.

Alichokidharau ni chuku za Profesa. Mtu yule hakutosheka na ajabu ilivyo, akaitia chumvi. "Hakuna nyapara!" alipaaza sauti mbele ya wageni. "Hakuna msimamizi! Hakuna mkono!" Kisha akageuka, akauliza nani amemwekea miwani yake wapi. Kwenye makala iliyompa jina aliandika kwamba sahani hazikuguswa na mkono wowote tangu siku ya kwanza hadi ya sita. Makala ikasifiwa, kichwa kikavimba, na kichwa kikishavimba hakikosi kutafuta mahali pa kujigonga. Akaona kama seli zinajipanga, basi na watu wajipange. Akamwondoa kibarua aliyemsaidia Mama Sahani na kubandika tangazo ukutani: kila mtu ataosha vyombo vyake.

Baada ya wiki mbili sinki lilikuwa limejaa hadi kwenye bomba, na chini kabisa kulikuwa na kitu chenye manyoya. Wasomi walipita wakilitazama kwa huzuni, kama watu wanaopita kando ya nyumba iliyoungua. Mama Sahani alivaa glavu akaosha vyote asubuhi moja. Profesa akapita, akaona sinki linang'aa, akawaambia wanafunzi wake, "Mnaona? Limejipanga."

Mama Sahani alimtazama mgongoni mpaka akakunja kona. Kama macho yangekuwa na makali, koti lile jeupe lingerudi kwake kufuliwa likiwa vipande viwili.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo msichana aliyekuwa akimalizia shahada ya uzamivu, ambaye Mama Sahani alimwita Miwani kwa sababu vioo vya macho yake vilikuwa vinene kama kitako cha chupa. Huyu ndiye hasa aliyefanya kazi ambayo Profesa aliisimulia. Alikuwa mpole kupita kiasi, na Mama Sahani hakuwa na subira na upole wa namna hiyo. Miwani aliomba radhi hata kwa mlango. Lakini alikuwa anasalimia. Kila asubuhi "Shikamoo, shangazi," na sahani zake alizisuuza kabla ya kuzileta kwenye sinki, na katika ghorofa ile hayo mawili yalitosha kumfanya mtu aonekane malaika. Miaka minne yote aliishi kwa ajili ya vitufe vile. Tasnifu yake ilikuwa hivyo tu, kurasa mia mbili za vitufe.

Kisha wakaja wageni wawili kutoka maabara nyingine, watu wa makini, na daftari zao zimepigwa mistari. Walitaka kuona vitufe vikitokea kwao pia, kama ilivyo desturi ya wasomi, kwamba jambo la kweli lazima litokee kwa kila anayelifanya. Walikwenda kwao, wakafuata makala neno kwa neno kwa wiki tatu, wakatoka kapa. Seli zilitawanyika chini ya sahani, kila moja na lake, kama abiria wasiojuana. Wakaandika barua ya adabu. Profesa aliisoma mara mbili, masikio yakawa mekundu.

Akaamua kufanya jaribio mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Alimimina seli, akazitia kwenye inkubeta, akaifunga kwa kufuli na ufunguo akauvaa shingoni. Wiki hiyo Mama Sahani alikuwa likizo, amekwenda kumwangalia mdogo wake aliyefanyiwa upasuaji. Siku ya sita Profesa akafungua. Hakuna kitufe hata kimoja.

Mtu mwingine angejiuliza maswali. Profesa hakuwa mtu wa kujiuliza maswali, alikuwa mtu wa kupata majibu, na jibu lake lilikuwa limekaa pale kwenye kiti, limevaa miwani minene. Kama vitufe havitokei kufuli ikifungwa na vinatokea isipofungwa, basi kuna mtu anaviunda. Akamtuhumu Miwani kwamba kwa miaka minne alikuwa akizisogeza seli kwa sindano chini ya hadubini, kisha akapiga picha. Kughushi matokeo. Kamati ya nidhamu ikaitwa ikae siku ya Alhamisi, wiki moja baadaye, na kosa kama hilo adhabu yake ni moja tu: kufutwa chuoni, na jina lako kutumwa kwa vyuo vingine ili pasiwe na mlango utakaokufungukia.

Mama Sahani aliporudi Alhamisi iliyotangulia kikao alimkuta Miwani stoo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafuta pua kwa karatasi ya kuchujia.

"Inuka hapo," alimwambia. "Hiyo ndoo ina ufa. Na hiyo karatasi ni ya kazi. Kuna nini?"

Miwani akamweleza yote huku kwikwi zikimkatiza. "Sijasogeza hata moja, shangazi. Naapa. Mimi mwenyewe sijui kwa nini vilitokea na kwa nini sasa havitokei. Nitawaambia nini?"

"Kwanza waambie bila kulia. Ukilia watadhani ni toba."

Haikuwa faraja kubwa, lakini ndiyo aliyokuwa nayo. Akamwacha, akaenda kuikagua inkubeta. Kufuli ilikuwa imeshaondolewa. Akachungulia chini, akafyonya kwa nguvu mpaka mtu wa chumba cha pili akauliza kulikoni.

Trei ilikuwa kavu kabisa.

Hapa inabidi kueleza kidogo. Hewa ya ndani ya inkubeta lazima iwe na unyevu, la sivyo chakula cha seli kinakauka. Kwa hiyo sakafuni mwake huwekwa trei ya maji, na maji hayo hupungua kila siku. Profesa, miaka yote sita aliyokuwa hapo, alidhani maji yanajileta. Kila asubuhi Mama Sahani alitoa sahani zote, akavuta trei, akaijaza, akairudisha, kisha akarudisha sahani moja moja. Mlangoni palibandikwa ilani ya herufi kubwa, USIGUSE, lakini katika ghorofa ile kila mtu alielewa kwamba ilani haimhusu Mama Sahani, kama vile "wasiohusika wasiingie" isivyomhusu mwenye ufagio. Hata yeye aliielewa hivyo. Kuambiwa mtu asiguse na kuambiwa mhudumu asiguse kwake yalikuwa mambo mawili tofauti.

Akaijaza trei. Akachukua sahani ya kwanza kuirudisha, na mkono wake, kabla hajauambia kitu, ukafanya ulichofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Vidole viwili ukingoni, mzunguko mdogo, mara tatu. Alifundishwa na fundi mzee aliyemtangulia, sasa marehemu. Ukizungusha, uchafu unajionyesha. Chakula kikiwa kimechacha utaona wingu.

Wingu halikuwepo. Lakini safari hii aliutazama mkono wake mwenyewe, na vinyweleo vikamsimama. Majani ya chai yakibaki kikombeni na ukakoroga, yanakwenda wapi? Katikati. Yanakusanyika katikati ya kitako.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Ni mimi."

Jambo la kwanza lililompata halikuwa huruma kwa Miwani, tusimpambe. Ilikuwa aibu. Yeye aliyemcheka kila mtu kwa kutotazama, alikuwa ameubeba mkono ule kila siku bila kuutazama. La pili lilikuwa hasira, na hiyo alikuwa mwenyeji wake. La tatu ndilo likawa la kazi: ushahidi. Hakukimbilia kusema, kwa sababu neno la mhudumu mbele ya kamati ni kama upepo. Alikwenda kumimina seli kwenye sahani sita, akawa anazungusha tatu asubuhi na nyingine tatu anazirudisha bila kuzitikisa, na zile tatu za kuzungushwa akazitia nukta nyekundu chini. Profesa mwenye shahada tatu hakuwa amewahi kufikiri kulinganisha namna hiyo. Alipewa nafasi ya miaka sita.

Jumapili alikwenda kuzungusha sahani zake, aliporudi nyumbani akamweleza mumewe, aliyekuwa uani akinyoosha gurudumu la baiskeli ya mteja. Alikuwa fundi baiskeli na mtu wa maneno machache.

"Ukisema, watakuambia uliharibu kazi yao," alisema mzee bila kuinua kichwa.

"Najua."

"Watakutoa humo chumbani."

"Najua hilo pia."

"Na huyo binti si wako."

"Hata nyumba hii si yako, ni ya marehemu mama yangu, na bado unaipaka rangi," alisema Mama Sahani. Mzee akacheka mpaka spana ikamponyoka. Kisha akasema, "Basi vaa lile gauni la bluu. Wasikuone mnyonge."

Alhamisi asubuhi akazitazama sahani zake kwa hadubini, safari hii akiwa ameketi kitini kama mwenye mali. Tatu zenye nukta nyekundu zilikuwa na vitufe, vyote katikati, vya duara, vyenye uwazi wake. Tatu nyingine, seli zimetawanyika ovyo. Akazifunika, akazipanga kwenye sinia, akavaa gauni la bluu.

Kamati ilikuwa ya watu watatu wenye kalamu nzuri. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima aliyefundisha maradhi ya mifugo, mikono yake mikubwa kama ya mkulima. Profesa aliketi upande mmoja na bahasha nene. Miwani aliketi upande wa pili, hajalia, lakini uso umekuwa wa rangi ya majivu.

"Nani amemwita huyu?" aliuliza Profesa, Mama Sahani alipoingia na sinia.

"Nimejipanga mwenyewe," alijibu.

Mwenyekiti alikohoa kidogo, kikohozi cha kuficha kitu, akamwambia aseme. Mama Sahani akasema, kwa mpangilio, kuanzia trei mpaka nukta nyekundu. Hadubini ililetwa. Mmoja mmoja wakainama. Mwenyekiti aliinama mara mbili.

"Kwa hiyo zinajipanga au hazijipangi?" aliuliza.

"Zinajipanga, mama. Hilo ni kweli na mimi sijalitia mkono. Zikishagusana, zenyewe ndizo zinazojua nani akae nje na nani ndani. Lakini lazima kwanza zikutane, na hazina miguu ya kukutania. Mimi nilizikutanisha."

Profesa alikuwa ametoa macho pima, na ungedhani angeona haya. Wapi! Mtu huyo alikuwa na kipaji cha kuanguka na kutua kwa miguu kama paka. Dakika haikuisha, akakigeuza kibao. "Kumbe!" alisema. "Basi suala limekwisha. Ilani ipo mlangoni, USIGUSE, na mhudumu ameikaidi kwa miaka sita. Amevuruga utafiti. Binti hana hatia, makala yangu haina hatia, tumehujumiwa sote na uzembe wa mtumishi. Aandike maelezo, atie saini, ahamishiwe kufagia korido, tuendelee na kazi."

Alisema "tumehujumiwa sote" kwa upole, kama anayemgawia Miwani kipande cha keki.

Katibu aliandika haraka na karatasi ikasogezwa mezani. *Mimi, mhudumu wa maabara, nilikaidi ilani na kugusa sahani za utafiti.* Mama Sahani aliisoma, akaisoma tena. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya *nilikaidi ilani na kugusa*, na juu yake akaandika, kwa herufi zile zile za mviringo alizoandikia lebo za chupa, *nilitunza kila siku, kwa mkono*.

"Hapana, hapana," alisema Profesa. "Hilo linabadilisha maana yote."

"Ndiyo," alisema Mama Sahani.

Mwenyekiti aliivuta karatasi, akavua miwani yake, akafikicha macho. Alizungumza polepole na bila kumtazama Profesa. "Mama, nikueleze ukweli. Ukisaini ile ya kwanza, mimi namwachia huyu binti sasa hivi, kabla ya chai. Ukisaini hii yako, maana yake ni kwamba matunzo yalikuwepo na makala ilisema hayakuwepo. Hapo shauri si la binti tena, ni la makala, na mashauri ya makala huenda kwa miezi, pengine mwaka. Tasnifu yake itafungiwa kabatini muda wote huo. Hatakuwa na hatia, wala hatakuwa ameachiwa. Unanielewa?"

Alimwelewa vizuri mno. Akaitazama karatasi. Miaka kumi na tisa, na sasa walimtaka aandike kwa mkono wake kwamba mkono wake ulikuwa hujuma. Na upande wa pili wa meza alikaa msichana aliyesuuza vyombo vyake. Mama Sahani alimwonea uchungu ambao hakuupenda hata kidogo, na akaudharau kama alivyodharau kila kitu kilichomjia bila kualikwa. Korido haikumtisha. Kufagia ni kufagia.

"Lete," alisema kwa hasira. "Nipe karatasi nyingine. Niandikieni hiyo ya ukaidi, nisaini, mtoto aende zake."

Profesa alikuwa ameshafungua kofia ya kalamu yake kumkopesha.

"Usisaini, shangazi."

Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba katibu alitazama mlangoni. Miwani alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu aingie jengo lile hakuomba radhi kwa yeyote.

"Mwanangu, kaa chini," alisema Mama Sahani. "Umesikia miezi mingapi?"

"Nimesikia. Miaka minne nimeandika kwamba hakuna mkono. Niliandika bila kutazama, na kila asubuhi nilikuwa nakusalimia ukiwa umezishika. Nitangoja."

"Binti, fikiri," alisema Profesa, sauti imeingia barafu. "Fikiria ni nani atakayesimamia tasnifu yako."

Miwani alizunguka meza yote, akapita nyuma ya kiti cha Profesa, akaja upande ule. Akaichukua karatasi yenye maneno yaliyokatwa, akaiweka mbele ya Mama Sahani, akaishikilia kwa viganja viwili ili isitikisike. Mama Sahani akasaini. Kisha msichana akaomba kalamu, na chini ya saini ile akaandika neno *shahidi*, na jina lake.